Ingia Ndani ya Data Yako Mapema

Wiki iliyopita mwanafunzi wa uzamili aliyeko Gulu aliniandikia akiuliza kama inafaa atumie fedha zake za utafiti kununua miwani ya uhalisia pepe, ile inayomfanya mvaaji ajione yuko ndani ya mandhari iliyochorwa na kompyuta, kwa kuwa msimamizi wake ameiita mchezo wa watoto. Dhihaka hiyo naifahamu. Niliisikia mbele ya jopo la watahini nikiwasilisha modeli yangu ya miteremko ya Mlima Elgon, na hadi leo inaniuma, ingawa mmoja wao sasa huwaleta wanafunzi wake kwangu.

Nilikuwa nikichunguza makovu ya maporomoko ya ardhi wilayani Bududa, ambako kijiji cha Nametsi kilifukiwa mwaka 2010. Kwenye ramani bapa makovu hayo yalionekana kutawanyika ovyo. Nilipovaa miwani na kusimama bondeni kwa kimo cha mtu, nikiondoa tabaka la mimea na kuwasha mikondo ya maji, niliona kwamba mengi yalikuwa kwenye mabonyeo ya mteremko, mahali ambapo maji ya mvua hukusanyika. Hilo halikuwa jibu bado. Lilikuwa swali ambalo ramani haikunipa, nami nikalipima kwa takwimu, likasimama.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ingia ndani ya data kabla hujaandika matokeo. Wengi hungoja mwisho ili wawapendeze wafadhili, kisha hulalamika kwamba hawakusaidiwa kitu. Tena usikuze kimo cha mlima kwa ajili ya urembo: ukikizidisha mara mbili, mteremko wa nyuzi 20 utaonekana kuwa wa nyuzi 36, na jicho litaona hatari isiyokuwepo. Data ya kimo inayopatikana bure, iliyopimwa kwa rada kutoka chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, ina seli, yaani miraba yenye kipimo kimoja cha kimo kila mmoja, za upana wa mita 30 hivi. Kovu dogo limekwisha kumezwa humo, hata miwani iwe ya bei gani.

Kazi ya kusafisha data naiacha, maana inachosha hata kuisimulia. Anza na ParaView, programu ya bure ya kuonyesha data kwa picha za pande tatu, kwenye skrini ya kawaida, na miwani uiazime kwanza. Vijana mnapenda kifaa kabla ya swali! Ukimvisha msimamizi wako, mruhusu ahame papo hapo kutoka kituo hadi kituo ndani ya modeli badala ya kuteleza hewani, kwa sababu macho yakiona mwendo ambao sikio la ndani halihisi, kichefuchefu hufuata. Usimwelekeze kwa kidole. Mwache azunguke mwenyewe, kisha umwulize ameona nini.