Picha za tripu ya Mombasa: majina kwanza, simu baadaye

Wenzako wa shule wakikutana na bahasha ya picha za tripu, kila mtu hukimbilia kutoa simu na kuzinakili. Subirini kidogo. Picha iliyofifia inaweza kurekebishwa kwa kompyuta hata mwakani. Lakini yule kijana wa tatu kutoka kushoto, aliyehama shule mkiwa kidato cha tatu, jina lake likishawatoka wote mliomjua, hakuna programu ya kulirudisha.

Anzeni na picha ya kundi. Kwenye karatasi chora duara kwa kila kichwa, uzipe nambari kutoka kushoto, safu ya nyuma hadi ya mbele, kisha mtaje mmoja mmoja. Andika jina la rejista na la utani pia, maana "Kifaru" hapatikani kwa njia yoyote leo kama hamna jina lake kamili. Mkibishana, andika majina yote na alama ya kuuliza; mwenye sauti kubwa si lazima awe na kumbukumbu nzuri. Simu moja irekodi sauti, na kila mnapochukua picha nyingine mtu ataje nambari yake, la sivyo mtabaki na saa mbili za vicheko msivyojua vinahusu nini.

Kuhusu mwaka, msiiamini ile tarehe ya rangi ya chungwa pembeni. Kamera nyingi zilipoteza tarehe betri ilipotolewa, na wachache walijishughulisha kuipanga upya. Tazameni kilicho nyuma ya watu. Kuta za Fort Jesus hazisaidii, ziko pale tangu miaka ya 1590. Matatu yenye mstari wa manjano ubavuni inasaidia sana: sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi aliyelazimisha mstari huo, zilianza kutekelezwa Februari 2004. Na mkiona kiboko mdogo ameegemea kobe mkubwa pale Haller Park, hifadhi ya wanyama Mombasa, picha si ya kabla ya mwisho wa Desemba 2004, kwa sababu kiboko huyo, Owen, aliokolewa Malindi baada ya tsunami.

Albamu za kurasa zenye gundi na nailoni juu ndizo zinazoharibu picha nyingi. Gundi hugeuka manjano na kushika. Ukivuta kona, karatasi hujikunja na uso wa picha hupasuka. Pitisha uzi wa meno chini ya picha, ukiusogeza taratibu kama unayekata sabuni. Ukikwama, acha, uinakili ikiwa palepale. Iliyoganda kwenye kioo cha fremu usiibandue kabisa: unyevu umeulainisha uso wake ukashikana na kioo, na utakachobandua ni sura za watu. Inakili ndani ya kioo chake.

Kama kuna skana, weka nukta 600 kwa inchi. Picha ya inchi 4 kwa 6 itatoa pikseli 2400 kwa 3600, inatosha kuichapisha tena kwa ukubwa zaidi. Kwa simu, kaa karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, zima flashi, na ushike simu sambamba na meza. Usiikaribishe mno, kingo zitapinda. Inua kidogo, ukate ziada baadaye.

Nyuma ya picha andika kwa penseli laini. Karatasi hizi zimepakwa plastiki, kwa hiyo wino wa kalamu huchelewa kukauka na huhamia kwenye uso wa picha iliyo chini yake.

Kwenye WhatsApp zitume kama dokumenti. Zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa. Na za ufukweni zibaki kwenye kundi lenu hadi aliyemo akubali, hasa sasa ambapo wengine ni walimu wakuu.

Mwisho, ulizeni nani ana nega, zile filamu ambazo picha zilichapishwa kutoka kwazo. Watu huzitupa na bahasha ya studio, ilhali mara nyingi ndani yake kuna picha ambazo hazikuwahi kuchapishwa kwa kukosa pesa.