Maswali ya gesi: tairi, mtungi na mazuku

Safari hii nimeyaweka pamoja maswali yote ya gesi, kwa sababu yamekuja kutoka kwa wanafunzi, dereva na mama anayepika, na wote wanauliza jambo moja kwa njia tofauti. Vitabu vyetu husema kanieneo. Mimi hapa nitasema presha, neno ambalo fundi wa pancha na mwanafunzi wanaelewana nalo.

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu. Tulipewa gesi ya lita 4 iliyopashwa moto kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 40, presha ikiwa ile ile. Nikajibu lita 8, nikakosa. Halijoto si imeongezeka mara mbili? (Morogoro)

Marahaba. Haijaongezeka mara mbili, na kosa hili nimelisahihisha kwenye madaftari mengi kuliko kosa lingine lolote katika mada hii. Sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda. Si mahali joto linapokwisha. Hewa yenye nyuzi sifuri bado ina joto tele, na molekuli zake zinakimbia zaidi ya mita 400 kwa sekunde.

Jaribu hesabu yako upande wa pili. Ipoze gesi hiyo hadi nyuzi −10. Kwa njia yako utapata 4 × (−10 ÷ 20), yaani lita −2. Hakuna chombo duniani chenye lita hasi mbili. Hesabu ikikuletea jambo lisilowezekana, inakuonyesha kwamba ulianzia mahali pasipo sahihi.

Mfaransa Jacques Charles aliligundua jambo hili miaka ya 1780, na mwenzake Gay-Lussac akalichapisha mwaka 1802: kila nyuzi moja ikiongezeka, gesi hutanuka kwa takriban sehemu moja ya 273 ya ujazo iliokuwa nao kwenye nyuzi sifuri. Chora grafu ya ujazo na halijoto, kisha uurefushe mstari kwenda kushoto. Utagusa sifuri ya ujazo kwenye −273. Gesi halisi huwa imeshageuka kimiminika kabla ya kufika huko, lakini mstari unaonyesha sifuri ya kweli ilipo. Mwaka 1848 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, akapendekeza tuanzie kuhesabu hapo.

Kwa hiyo, ukijumlisha 273, nyuzi 20 ni Kelvini 293, na nyuzi 40 ni Kelvini 313. Jibu ni 4 × 313 ÷ 293 = lita 4.27. Ili ufike lita 8 ungehitaji Kelvini 586, sawa na nyuzi 313 za Selsiasi. Hilo ni joto linalozidi tanuri la mikate.

Naendesha teksi. Asubuhi Dar nilijaza upepo 32. Nilipofika Chalinze saa saba mchana nikapima, ikasoma 38. Fundi akataka aupunguze. Ni sawa? (Dar es Salaam)

Usikubali. Tairi halijaongezewa upepo hata chembe. Limepata joto tu, kutokana na lami na kujikunja kwake likizunguka.

Tuseme asubuhi lilikuwa na nyuzi 27, yaani Kelvini 300, na mchana likafika nyuzi 67, yaani Kelvini 340. Tairi halitanuki sana, kwa hiyo ujazo tunauchukulia kuwa umefungwa, yaani haubadiliki, na presha inapanda kwa uwiano wa Kelvini. Ila hapa kuna mtego wa pili, na huu huwanasa hata wanaojua Kelvini vizuri. Geji ya fundi haisomi presha yote. Inasoma ile iliyozidi hewa ya nje. Tairi lililopasuka linasoma sifuri, ilhali hewa bado imo ndani yake. Hewa ya nje, ukanda wa pwani, ni kama 14.7 katika vipimo vile vile vya geji. Basi presha ya kweli asubuhi ilikuwa 32 + 14.7 = 46.7.

Zidisha kwa 340 ÷ 300, unapata 52.9. Toa 14.7 ya hewa ya nje, geji itasoma 38.2. Ndicho ulichokiona Chalinze. Fundi akiupunguza hadi 32 wakati tairi ni la moto, kesho asubuhi likipoa utakuta kama 26 au 27, na tairi lenye upepo mdogo hujikunja zaidi, hupata joto zaidi na huharibika ubavuni. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, kabla hujaondoka.

Boyle, Charles, Gay-Lussac, Avogadro. Nizikariri kanuni zote? (Kisumu)

La. Ijue moja: PV = nRT. P ni presha, V ni ujazo, n ni idadi ya moli (moli ni fungu la molekuli lenye idadi ile ile kwa kila gesi), R ni namba isiyobadilika, na T ni halijoto kwa Kelvini. Kabla ya kushika kalamu jiulize kipi kimefungwa na kipi kiko huru. Joto likifungwa na gesi haiongezwi wala kupunguzwa, hiyo ni ya Boyle, ya mwaka 1662. Presha ikifungwa ni ya Charles. Ujazo ukifungwa ni lile tairi la dereva hapo juu.

Uangalie pia R. Ukitumia lita na kilopaskali (kipimo cha presha), R ni 8.314. Mfano: lita 2.5 za gesi, nyuzi 27, kilopaskali 100, uzito gramu 4.41. Moli ni (100 × 2.5) ÷ (8.314 × 300), karibu 0.100. Gramu 4.41 ukigawa kwa 0.100 unapata 44 kwa kila moli. Gesi hiyo inaweza kuwa kaboni dayoksaidi, ambayo inatupeleka kwenye swali linalofuata.

Huku kwetu mazuku huua mbuzi, na watoto pia, lakini mtu mzima akipita mahali pale pale anaweza kusalimika. Wazee wanasema ni upepo mbaya. Kemia inasemaje? (Goma)

Wazee wameona sawasawa, na neno lao leo linatumiwa na wataalamu wa volkano wa nchi nyingi. Mazuku ni kaboni dayoksaidi inayovuja kutoka ardhini, kule kwenye volkano za Virunga na kando ya Ziwa Kivu, kisha hutuama kwenye mabonde na mashimo.

Mwaka 1811 Avogadro alisema kwamba ujazo sawa wa gesi zozote mbili, katika joto na presha ile ile, una idadi sawa ya molekuli. Fikiria ndoo mbili zinazolingana, moja ya hewa na moja ya kaboni dayoksaidi. Molekuli ni nyingi sawasawa. Lakini moli moja ya hewa ina uzito wa kama gramu 29, na moli ya kaboni dayoksaidi ina gramu 44. Basi ndoo ya pili ni nzito mara moja na nusu. Ikimwagika bondeni inatiririka kama maji, ila huioni na haina harufu.

Utaniuliza: gesi si huchanganyika zote mwishowe? Huchanganyika, lakini zinahitaji muda au upepo wa kuzikoroga. Usiku na alfajiri, hewa ikiwa imetulia, gesi huvuja haraka kuliko inavyotawanywa, na kinakuwapo kidimbwi. Mbuzi pua yake iko chini. Mtoto naye kimo chake ni kifupi. Mtu mzima kichwa chake kinaweza kuwa juu ya kidimbwi, mpaka atakapoinama. Hewa ikiwa na zaidi ya sehemu 10 kwa 100 za gesi hii, mtu anaweza kuzirai ndani ya dakika chache tu.

Tafadhali, ukiona mtu au mnyama ameanguka shimoni, usiruke kumtoa. Anayeingia kuokoa huanguka juu ya yule wa kwanza.

Kitabu kimoja kinasema moli moja ya gesi ni lita 22.4, kingine lita 24. Kipi ni kweli? (Mbeya)

Vyote viwili. 22.4 ni kwenye nyuzi sifuri, 24 ni kwenye nyuzi 20 hivi, joto la chumba, na presha ni kilopaskali 101.3 kote kuwili. Soma swali limetaja joto gani.

Mtungi wangu wa kilo 6 umebaki kama nusu, lakini moto una nguvu ile ile. Binti yangu amejaribu kupiga hesabu ya gesi iliyobaki kwa PV = nRT, amepata majibu ya ajabu. (Tanga)

Mpongeze binti kwa kujaribu, kisha mwambie kwamba ndani ya mtungi kuna kimiminika, na kanuni hii ni ya gesi. Mtungi wa kilo 6 una nafasi ya lita 14 hivi. Tuseme yote ni propeni, moja ya gesi za kupikia zinazojazwa mtungini: kilo 6 ni moli 136. Akiweka kwenye kanuni kwa nyuzi 27 atapata zaidi ya kilopaskali 24,000, mara 240 ya hewa ya nje. Presha halisi ndani haizidi kama mara kumi.

Kimiminika kikiwapo, hata kidogo, hutoa mvuke hadi presha ifikie kiwango kinachotegemea joto tu. Ndiyo maana moto hauonyeshi kupungua mpaka karibu na mwisho. Ukitaka kujua kilichobaki, pima mtungi kwa mizani na utoe uzito wa mtungi mtupu, ambao umegongwa kwenye chuma cha juu. Au umwagie maji ya uvuguvugu ubavuni, subiri kidogo, kisha upapase kwa kiganja kutoka juu kwenda chini. Panapoanza ubaridi ndipo kimiminika kilipofikia.

Na ukumbuke jibu la Goma: propeni nayo ni gramu 44 kwa moli, na buteni, mwenzake mtungini, ni 58. Gesi ikivuja hulala sakafuni. Fungua mlango na madirisha, usiguse swichi ya taa.

Shuleni kwetu hatuna vifaa vya maabara. Naweza kuwaonyesha wanafunzi nini? (mwalimu, Songea)

Nunua bomba la sindano la mililita 20, bila sindano yenyewe. Vuta hewa hadi 20, ziba mdomo kwa kidole gumba, sukuma hadi 10. Mwanafunzi aliyesukuma atakuambia mwenyewe kwamba nusu ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Kisha vuta mililita 5 za maji ya moto kiasi cha nyuzi 60, toa hewa yote, ziba tena, na sasa vuta kijiti kwa nguvu. Presha ikishuka hadi kama sehemu moja ya tano ya hewa ya nje, maji hayo yataanza kuchemka mkononi mwako, mapovu yakipanda, hakuna moto. Ukiachia kijiti, yanatulia. Wape kila mmoja zamu yake, na usiwape maelezo kabla hawajauliza.