Kwa msaidizi wa kisheria anayeanza: soma ibara hadi mwisho wake

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii alinijia dada mmoja na karatasi zake kwenye bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwashikwa. Baba yake alikuwa amemwachia kibanja kwa wosia. Alipotaka kukiuza, baba zake wadogo wakamwambia shamba la ukoo haliuzwi na mwanamke. Nilipandwa na hasira kwa niaba yake. Usiku ule niliandika barua ya kurasa nne kwenda baraza la kijiji, nikamimina Ibara ya 12, ya 13 na ya 24 za Katiba ya Tanzania, pamoja na maneno mazito ya utu na usawa. Mwenyekiti wa kijiji aliisoma yote taratibu mbele yetu. Akaiweka mezani, akauliza: "Sasa mwanangu, mnataka kijiji kifanye nini?"

Sikuwa na jibu. Barua ilijaa Katiba, lakini haikuwa na ombi hata moja.

Nawaandikia ninyi mliomaliza mafunzo juzi na mnaorudi vijijini na mitaani mkiwa na nakala mpya ya Katiba mkononi. Mmefundishwa Ibara ya 8, kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na Serikali hupata madaraka yake kutoka kwao. Ishikeni kwa mikono miwili, ni kweli. Ila mtu anayekuja kwenu na shida hahitaji kusomewa ibara hiyo. Anahitaji kujua ni ofisa gani aliyemkosea, ofisa huyo alipewa madaraka na sheria ipi, na madaraka hayo yanaishia wapi.

Kwanza fahamuni kwamba haki za raia zilizomo ndani ya Katiba zilichelewa kufika. Katiba ya Uhuru ya 1961 haikuwa na orodha ya haki. Viongozi wa wakati ule waliona ingewafunga mikono wakati nchi ina haraka ya kujengwa. Ziliingizwa mwaka 1984, kwa marekebisho ya tano ya Katiba ya 1977, na hata hapo Serikali ikapewa miaka mitatu ya kurekebisha sheria zake kabla hazijaanza kudaiwa mahakamani. Mlango ulifunguka Machi 1988.

Agosti ya mwaka huohuo, huko Kagera, Bi Holaria Pastory aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Alimuuzia mtu asiye wa ukoo wao kwa shilingi 300,000. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo wilayani Muleba, ambako mauzo yalibatilishwa kwa kufuata sheria ya kimila iliyoandikwa mwaka 1963: mwanamke atatumia shamba la ukoo maisha yake yote, ila hana ruhusa ya kuliuza. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inagongana na Ibara ya 13 inayokataza ubaguzi, hivyo mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanaume.

Nataka muone njia ambayo haki ilipitia. Hakuna aliyefungua shauri kubwa la kikatiba. Lilikuwa shauri la ardhi lililoanzia ngazi ya chini kabisa, kuhusu migomba na hela. Katiba iliingia humo kwa sababu sheria ya mpito ya 1984 iliwaagiza mahakimu na majaji kuzisoma sheria zilizokuwepo kwa namna inayolingana na Katiba. Haki nyingi mtakazosaidia kuzipata zitapita njia hiyohiyo.

Sasa usomaji wenyewe. Chukueni Ibara ya 11, inayotaja haki ya kujipatia elimu. Mzazi ambaye mtoto wake amefukuzwa shule atafurahi ukimwonyesha. Kabla hujamwonyesha, rudi nyuma hadi Ibara ya 7(2): yaliyomo katika Sehemu ya Pili, pamoja na hiyo ya 11, hayawezi kutekelezwa kwa nguvu ya sheria na mahakama yoyote. Ni malengo ya nchi. Binafsi jambo hili linaniuma kila ninapoligusa, lakini ukimficha mzazi yule utampotezea nauli na miezi. Mtafutie sheria ya elimu na kanuni zake, uone mkuu wa shule alipaswa kufuata utaratibu gani kabla ya kumfukuza.

Ibara ya 15 nayo haijaishia kwenye uhuru. Inakataza mtu kukamatwa au kufungiwa "isipokuwa tu" katika hali na kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria. Wengi wakifika hapo hukata tamaa, wakidhani sheria yoyote ya Bunge inatosha kuizima haki. Mahakama ya Rufani ilikataa fikra hiyo. Mwaka 1991, katika kesi ya Daudi Pete, ilibatilisha kifungu kilichozuia dhamana bila kuweka utaratibu wa maana. Mwaka 1993, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun, ikasema sheria inayobana haki lazima iwe na kinga dhidi ya maamuzi ya kiholela, na isibane kupita inavyohitajika. Kesi hiyo ndiyo iliyoondoa sharti la kuomba kibali cha Serikali ili kuishitaki Serikali.

Kwa hiyo ukifika kaunta ya kituo cha polisi, usianze na Ibara ya 15. Salimia. Uliza kwa upole: ndugu yetu anatuhumiwa kosa gani, aliingia mahabusu saa ngapi, na dhamana inahitaji nini. Andika saa hiyo kwenye daftari lako palepale, maana kesho kila mtu atakuwa na saa yake. Mwambie mdhamini aje na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, na ajue kwamba dhamana yenyewe hailipiwi. Nimeona wengi wakitoka jioni ileile kwa maswali hayo matatu, na nimeona mwenzetu mmoja mwenye hotuba nzuri akimfanya ndugu wa watu alale ndani.

Mahakama Kuu nayo ina masharti. Ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Lakini marekebisho ya sheria ya 2020 yalimtaka anayedai haki za msingi aape kwamba yeye mwenyewe ameathirika, na awe amemaliza kwanza njia nyingine zilizopo. Naona mabadiliko hayo yaliwaumiza walio kimya, wale ambao wengine ndio waliokuwa wakiwasemea. Ukiishitaki Serikali kwa madai ya kawaida, taarifa ya siku 90 hutangulia, na halmashauri nazo zimo.

Hata ushindi una mkia. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, aliposhinda mwaka 2016 dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu binti kuolewa kabla ya miaka 18, Mahakama Kuu iliipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Ibara ya 30(5) inaruhusu hivyo. Serikali ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2019. Mwambieni mteja mapema kwamba kati ya hukumu na nafuu kuna kungoja.

Yule dada tulimwandikia upya, nusu ukurasa. Tuliomba baraza la kijiji lipokee maombi yake ya kuhamisha kibanja, liyajadili kwenye kikao kijacho, na limjibu kwa maandishi. Tukaweka Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, inayobatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi, na mstari mmoja wa Ibara ya 13 chini yake. Mwenyekiti alisoma, akauliza kikao ni lini, mtendaji akamjibu. Akagonga muhuri kwenye nakala yetu na kuandika tarehe kwa kalamu. Dada akaikunja, akaitia kwenye bahasha ya kaki, juu ya wosia wa baba yake.