Binti yangu, anza na bomba la ghorofa ya juu

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako kuhusu kazi hii ya kupangisha nyumba nimeusoma. Umeniuliza, "Mama, nitasimamaje mbele ya mteja anayetafuta apatimenti Masaki wakati mimi nimekulia Tandika na lifti nimeanza kuipanda ukubwani?" Uliponiuliza hilohilo kwenye simu nilicheka, nawe ukanuna. Sikukucheka wewe. Nilikumbuka watu wazima wenye vitambi waliokuwa wakinijia pale Kariakoo nilipokuwa nikisimamia lile ghorofa, wanavyotetemeka wakihesabu kodi ya miezi sita. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mimi na wewe hukatizana tu.

Hilo la Tandika kuwa uswahilini na Masaki kuwa kwa matajiri wa Dar es Salaam liweke kando. Mteja hakuja kukagua ulikolelewa. Amekuja na hofu yake: anatakiwa kutoa hela nyingi kwa mkupuo, na anaogopa atahamia leo, kesho agundue maji hayapandi. Anamtafuta mtu anayelijua jengo. Ukilijua, huna haja ya kujifanya chochote. Usipolijua, hata uvae suti ya namna gani, atakugundua ukiwa bado mlangoni unahangaika kutafuta ufunguo.

Na jengo halijulikani kwa kukaa ofisini. Kabla hujampeleka mtu, nenda peke yako, asubuhi, kisha urudi jioni watu wakishatoka kazini. Panda hadi ghorofa ya juu kabisa, fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, usimame usikilize. Maji yakianza kwa nguvu halafu yakalegea, uliza pampu inawashwa na nani, saa ngapi. DAWASA, watu wa maji wa mji, wakikata, simtanki zilizopo zinafikisha siku ngapi? Kuna kisima? Maji yake yana chumvi? Huku kwetu pwani visima vingi vina chumvi, nayo chumvi inakula hita na mashine za kufulia, na mpangaji atakayekuja kulalamika atakuja kwako wala si kwa aliyechimba. Uliza jenereta inabeba nini. Wapangaji wengi wa maghorofa huumia hapo: wameambiwa "jenereta ipo", wakadhani na viyoyozi vimo, kumbe inawasha lifti na taa za korido tu.

Halafu kaa na mlinzi. Kaa na fundi bomba, na dada anayefagia ngazi. Mlinzi mzee mpe shikamoo yake hata kama bosi wako anampita kama nguzo. Hao ndio watakaokuambia chumba gani kilivuja masika iliyopita, na barabara ipi inajaa maji mpaka gari dogo halipiti.

Ukishayajua, yaseme. Tena mabaya yaseme wewe kabla mteja hajayaona. Najua mlivyofundishwa kwenye semina yenu: onyesha mazuri, mengine atayakuta. Mimi sikubaliani nao. Kariakoo tulikuwa na nyumba ya ghorofa ya pili inayotazama mtaa ambako malori hushusha mzigo usiku. Alikuja kijana mmoja mhasibu, akaipenda, sebule kubwa, mwanga mzuri. Nikamwambia, "Baba, usiku hapa kuna kelele za malori na wapagazi. Chumba cha nyuma ndicho kimya. Ukikubali kulala huko na cha mbele ukakifanya ofisi, utaishi. Kama huwezi, tusubiri ya upande wa pili." Alininyamazia kidogo, akaenda kusimama kwenye kile chumba cha nyuma, akafunga dirisha, akafungua, akarudi na kusema anachukua. Alikaa miaka, na akanipelekea wapangaji wengine kutoka kazini kwao. Bila kumwambia angehama baada ya miezi sita akinitangaza tapeli mji mzima.

Upande wa karatasi nao una mambo yake, na huko ndiko utakakompita hata mteja mwenye kiingereza kingi. Nakutajia machache yanayoleta ugomvi. Kodi ya majengo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Deni ni la mwenye jengo, lakini anayenunua umeme ni mpangaji, kwa hiyo anaona hela yake inakatwa na hajui kwa nini. Mwambie mapema, na mkataba useme anarudishiwa au la. Kampuni ikipanga nyumba kwa ajili ya mfanyakazi wake, inakata asilimia 10 ya pango, ndiyo kodi ya zuio, na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Mwenye nyumba asiyejua hilo atapokea pungufu na kukupigia simu akifoka kwamba umemwibia. Na yale mazoea ya Masaki na Oysterbay ya kutaja bei kwa dola yamepigwa marufuku na kanuni za 2025: bei ya ndani ya nchi ni shilingi. Mwenye nyumba akikulazimisha uandike dola kwenye tangazo, mkatalie kwa adabu na umtajie kanuni. Ukimwambia "mzee wangu, nakulinda wewe," hatakasirika sana.

Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui, utaje na saa utakayoleta jibu. "Hilo sina uhakika nalo, kesho saa nne asubuhi nitakupigia." Kisha saa nne upige, hata kama jibu bado hujalipata. Kubahatisha mbele ya mtu anayetoa mamilioni ni hatari, kwa sababu yote utakayosema yatarudi siku ya ugomvi, na wateja wa siku hizi wanatunza meseji za WhatsApp kuliko risiti.

Sasa nizungumze kama mama. Wapo wanaume watakaotaka kuonyeshwa nyumba saa mbili usiku, "nikitoka kazini". Hapana. Nyumba tupu huonyeshwa mchana, na ikilazimu jioni, mlinzi apande na wewe na mlango ubaki wazi. Simama upande wa mlangoni, mwache yeye atangulie vyumbani. Kabla ya kutoka ofisini, acha jina na namba yake kwa mwenzako. Akikuona mshamba kwa hilo, basi si mpangaji. Mtu mwenye nia ya nyumba hana shida na mlinzi. Bosi akikushinikiza kwa ajili ya kamisheni, niambie mimi na baba yako.

Madalali wa mtaani usiwadharau. Wenzako wa ofisini watawaita majina, lakini dalali wa kijiweni anajua nani anahama mwezi ujao kabla hata mwenye nyumba hajajua. Desturi ya mji huu dalali hupata kodi ya mwezi mmoja. Kama kampuni yenu ina utaratibu mwingine, mwelewane kabla hajaleta mtu, tena kwa maandishi. Ugomvi wa udalali ukishaanza hauna mwamuzi. Na mpangaji akikushikisha "ya soda" ili umpitishe mbele ya aliyetangulia kulipa, mrudishie palepale watu wakiona.

Kopi za pasipoti na vitambulisho vya wateja zisizagae kwenye simu yako wala kwenye makundi ya kazini. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, ungependa pasipoti yako ipitishwe hivyo?

Kuhusu kusoma zaidi, ulidokeza Chuo Kikuu Ardhi. Naunga mkono, ila usiende mwaka huu. Fanya kazi kwanza, uone masika mawili kwenye majengo hayo, ujue kama unapenda usimamizi wa nyumba au uthamini, yaani kukadiria thamani yake, maana ni njia mbili, na uthamini una bodi yake ya usajili. Ada tutaijadili baba yako akiuza ile mihogo ya Mkuranga, akiamua kuiuza.

Jumapili ukija, niletee nakala ya mkataba mnaowapa wapangaji. Nataka tusome pamoja kipengele cha amana: rangi ya kuta ikichakaa kwa kawaida tu inakatwa kwa nani, na hela inarudishwa ndani ya siku ngapi baada ya makabidhiano. Kama hakisemi, tutaandika mapendekezo, umpelekee bosi wako Jumatatu.

Mama yako