Maswali na majibu: mti wa hikori kwa kuchonga upinde

Ndugu yangu anaishi Tennessee, Marekani, na ana hikori shambani. Aukate vipi kabla ya kunitumia? (Msomaji, Kamalondo, Lubumbashi)

Achague shina lililonyooka, lisilo na vifundo, kipenyo sentimeta 20 hadi 30. Atazame gome: mistari yake ikizunguka shina kama kamba, mti wa ndani nao umejipinda, auache. Gogo liwe la meta 2 hata kama upinde utakuwa wa meta 1.70, kwa sababu ncha zitapasuka kidogo. Siku hiyohiyo azipake ncha zote mbili gundi nyeupe ya mbao au rangi nzito, mara mbili.

Kupasua ni kwa kabari na nyundo: nusu, kisha robo. Kabari hufuata nyuzi za mti, msumeno huzikata, na upinde huvunjikia pale nyuzi zilipokatwa. Hikori ni mbishi. Nyuzi zinazobaki zimeshikanisha vipande azikate kwa shoka.

Akikata mwezi wa 5 au wa 6, gome hubanduka kirahisi na kuacha mgongo wa upinde (upande usiokutazama ukivuta) tayari, usiohitaji kuchongwa. Mgongo huo ni laini na mbichi, naupakwe gundi pia. Mwezi wa 12 gome limegandamana, litatoka kwa kisu cha mikono miwili tu. Kwa vyovyote asitume kipande chenye gome: wadudu hujificha chini yake. Mti mweupe wa nje unafaa kabisa, hakuna haja ya kuutafuta moyo wa mti.

Niliviweka vipande vibichi juani, siku ya nne vikapasuka. (Katuba)

Jua letu la kiangazi lilikausha nje wakati ndani bado kumejaa maji. Nje ikasinyaa, ndani ikakataa, mti ukachanika. Ufa ulio kwenye ncha tu, ukate. Ufa unaokatiza ubavuni umekula upinde. Kipande hicho kisipotezewe muda.

Kilichobaki kichonge umbo la upinde kwa ukubwa, unene sentimeta 3 au 4, ukifunge kwenye ubao ulionyooka, ukiweke kivulini, si juu ya sementi, hewa ikipita pande zote. Baada ya majuma mawili au matatu ndipo kihamie chumba chenye joto.

Nitajuaje kama umekauka? (Ruashi)

Pima kipande chote kwa mizani kila juma, uandike. Uzito ukiacha kushuka, mti umelingana na hewa ya chumba, lakini hewa yenyewe inaweza kuwa na unyevu. Kwa hiyo chukua kijipande cha mti huohuo, kipime, kiweke kwenye furu (oveni) ya nyuzijoto 100 hivi mpaka kisipungue tena. Kama kilikuwa gramu 108 na sasa ni 100, maji yalikuwa asilimia 8. Hikori hupenda asilimia 6 hadi 8, kavu kuliko miti mingi ya upinde. Usiukunje hata mara moja kabla ya hapo.

Kiangazi upinde wangu ulikuwa mkali. Mvua zilipoanza umelegea, na nikivua upote unabaki umepinda. (Kampemba)

Hilo ndilo tatizo kubwa la hikori. Hewa yenye unyevu wa asilimia 40 huuacha mti kwenye 7 au 8. Unyevu ukifika 80, mti hupanda hadi karibu 16. Ukiuvuta hivyo, upande unaokutazama hupondeka, na haurudi wote.

Vua upote, uukaushe ndani kwa majuma kadhaa huku ukiupima, kisha upake vanishi tabaka nne au tano, ncha zikiwemo. Vanishi huchelewesha maji, haiyazuii, basi mvua ikinyesha mfululizo uuhifadhi karibu na joto, mbali na moto wenyewe.

Mpini wa shoka wa hikori unaweza kuwa upinde? (Kenya, Lubumbashi)

Kwa mtu mzima hapana: mpini mrefu ni sentimeta 90 hivi, ukivutwa sana utakatika. Kwa mtoto, ndiyo, mradi nyuzi zitoke ncha moja hadi nyingine bila kukatizwa ubavuni.