Viatu vya baleti vya karne ya 19

SWALI: Ndugu Mhariri, wachezaji wa baleti wa Ulaya ya karne ya 19 walisimamaje juu ya ncha za vidole? Msomaji, Kariakoo, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, walitegemea misuli zaidi ya viatu. Marie Taglioni, aliyecheza baleti iitwayo La Sylphide mjini Paris mwaka 1832 baada ya kufundishwa kwa ukali na baba yake, Filippo, alivaa viatu laini vya satini vilivyoshonwa nyuzi nyingi kuzunguka ncha, bila kikinga kigumu cha vidole tunachokiona leo. Wepesi ule wa kucheza ulikuwa kazi nzito, tena ya hatari: mwaka 1862 sketi ya mwanafunzi wa Marie, Emma Livry, aliyekataa vitambaa vilivyotiwa dawa ya kuzuia moto kwa kuwa vilikakamaa, iliwaka kwa taa ya gesi mazoezini, naye akafariki mwaka uliofuata.