Mtoto hushika ndoa, lakini kwa muda

Mwanangu,

Umeniuliza imekuwaje rafiki zenu wakaachana ilhali wana watoto wawili, na kama ninyi, wenye kichanga cha miezi mitano, mtapona.

Mtoto mdogo hushika ndoa kweli, lakini kwa muda. Tafiti za Marekani na Ulaya zimeonyesha kwamba wenye watoto wachanga huachana kwa nadra, na kinga hiyo hupungua watoto wakikua. Ajabu ni kwamba kichanga huyohuyo ndiye huwapunguzia wengi raha ya ndoa: usingizi hautoshi, hela hazitoshi, na kila mmoja anahesabu nani kaamka mara ngapi. Wengi hawaondoki wakati huo. Wanaoondoka, huondoka baadaye, na kinyongo cha siku zile.

Kuoana mkiwa wadogo mno, kulelewa na wazazi walioachana, mume kukosa kazi, yote huongeza hatari. Hayawi hukumu, lakini. Mjomba wako alioa ana miaka 19 na hadi leo wako pamoja, wanagombana kila siku.

Kugombana si kitu. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana. John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani, kwa miaka mingi alitazama wanandoa wakizozana. Alitaja sumu nne: kumshambulia mwenzako tabia yake, kujitetea kila saa, kununa ukafunga mdomo, na dharau. Dharau, alisema, ndiyo mbaya kupita zote.

Hapo namwamini, kwa sababu niliyafanya. Nilipoachishwa kazi ulikuwa na miaka saba. Mama yako alitulisha, akirudi jioni anakuta vyombo vichafu na mimi nimekaa. Akisema neno, namsonya. Akahamia chumba chako, miezi miwili. Siku moja alikutuma maji, nawe ukamsonya vilevile, kwa mdomo wangu kabisa. Nilitamani ardhi inimeze. Nilienda kuosha vyombo, sikusema kitu. Samahani nilikuja kuiomba baada ya wiki, nikiwa na haya.

Kwa hiyo usinipimie ndoa yako kwa idadi ya ugomvi. Msikilize mkeo anapolalamika kachoka: unamjibu, au unabetua mdomo?

Mama yako ameisoma barua hii. Anasema ilikuwa miezi mitatu, si miwili.

Baba yako